Idhini ya Bibi Nakijwa

Vikombe vilikuwa viwili mezani, na Namsifu alipoviona tu akajua ameharibu.

Alikuwa bado mlangoni, viatu vimejaa tope, hata hodi hajamaliza kupiga. Ndeshi, binti wa mwenye nyumba, alikuwa amempigia simu saa moja asubuhi na kumwambia maneno matatu, "Njoo uone ulichofanya," kisha akakata.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani," alisema Bibi Nakijwa. Alikuwa amevaa kitenge cha kutokea na kujipaka mafuta hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa hapo. Mzee wako ametoka kidogo, nadhani amekwenda kutafuta waya wa ile redio yake. Jana kahangaika nayo kutwa nzima barazani, mvua inamnyeshea mgongoni, namwita haitiki. Na kwenye chakula, badala ya kushukuru, akaanza kulalamika chumvi."

Mzee Senkondo, mumewe, alikuwa na miaka miwili kaburini.

Bibi Nakijwa aliinuka, akaenda hadi getini, akachungulia njia ya juu na njia ya chini, akarudi. Ndeshi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Mwanamke mtu mzima, ana wajukuu, lakini macho yake asubuhi hiyo yalikuwa ya mtoto aliyepigwa bila kosa.

"Mara ya nne hiyo," alimwambia Namsifu kwa sauti ya chini. "Nimemwambia Baba atachelewa. Ningemwambia nini tena?"

Ile redio Namsifu aliijua. Aliiandika mwenyewe, miaka minne nyuma, na jana akaiandika tena bila kuiandika.

Homa ilipita kijijini Mkwaru miaka kumi na moja nyuma. Waliopona walipona mwili. Kilichokufa ni kile kiungo kidogo cha ubongo kinachoigeuza leo kuwa jana, kwa hiyo watu walilala na siku yao wakaamka hawana. Madaktari walikuja na punje, kitu kidogo kama mbegu ya ulezi, kinachopandikizwa nyuma ya sikio. Mgonjwa akilala, punje husoma maandishi ya siku iliyopita na kuyafuma ndani ya kumbukumbu, naye huamka anajua alikotoka. Mwanzoni maandishi yalitungwa na mashine. Kamera zilifungwa kila kona, programu ikaandika kila kitu, tangu idadi ya hatua hadi rangi ya ndoo, na watu wakaamka wanatapika. Ubongo uliikataa siku ambayo kila kitu ndani yake kina uzito mmoja. Ulitaka siku iliyopita kwenye moyo wa mtu, aliyeishi palepale, akachagua hili na kuacha lile. Yaliyoachwa ubongo uliyajaza wenyewe, tena bila kuomba msaada. Namsifu hakuwahi kuandika habari za chumvi. Kichwa cha Bibi Nakijwa kilimjua Senkondo, kikaongeza.

Na kwa nini Namsifu? Kwa sababu alikuwa na blogu. Basi, hakuna kingine. Kabla ya homa alikuwa na wasomaji arobaini, wengi wao shangazi zake, akiwaandikia ugomvi wa kwaya na nani kajenga choo kipya. Madaktari walijaribu maandishi yake kwa mgonjwa wa kwanza, mgonjwa akaamka anacheka. Tangu siku hiyo wagonjwa wote sitini na mmoja walikuwa wakiishi kwa mkono wake. Kila mchana alipita nyumba kwa nyumba. Kila siku kabla ya saa kumi na mbili jioni alituma. Jumapili hakupumzika, wala alipougua malaria. Siku aliyomzika mama yake mzazi, udongo wa kaburi bado uko kwenye kucha, aliandika kwamba kabichi za Mzee Mfinanga zimeshambuliwa na viwavi, kwa sababu Mzee Mfinanga angeamka bila kujua.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Alikuwa amechoka na maneno yenyewe, na nyuso, na swali la nini kimetokea leo. Na ubaya ni kwamba punje haibebi habari tu, hubeba na hali ya aliyeandika. Mwaka uliopita alianza kusikia maneno yake midomoni mwa watu. Asubuhi moja, katika nyumba tatu tofauti, aliuliza habari za kuamka akajibiwa vilevile: "Basi tu, siku zenyewe zinafanana." Ilikuwa sentensi yake, kaiandika jioni iliyotangulia. Kwaya ilikufa. Mashamba yakaota magugu, na wenye mashamba wakiyatazama wanainua mabega. Hapo ndipo alipoandika barua ya kuomba kuacha.

Juzi na jana mvua ilinyesha. Jana saa kumi alikaa mbele ya mashine, vidole vikagoma. Akafukua siku moja ya zamani, ya mvua pia, akafuta mbuzi aliyeuzwa na mtoto aliyebatizwa, akabadilisha tarehe, akatuma. Mvua ni mvua, alijiambia. Aliyapitia majina mara mbili. Senkondo akampita chini ya macho kama kiti kilichozoeleka sebuleni.

Kwa wengine haikuleta balaa. Mmoja alitafuta jembe aliloibiwa zamani, mwingine akamnunia jirani kwa ugomvi ulioisha. Lakini siku ya karibu ndiyo inayotawala, hivyo ndivyo punje ilivyo. Kama jana mumeo alikuwa barazani na redio, basi mazishi ya miaka miwili iliyopita yalikuwa ndoto mbaya na umeshukuru Mungu kuamka.

"Bibi," Namsifu alisema. "Njoo ukae."

"Chai itapoa, ngoja nimwite..."

"Mzee Senkondo alishafariki, Bibi."

Bibi Nakijwa alicheka. Akamtazama binti yake ili wacheke pamoja, na Ndeshi akatazama chini. Kicheko kikaisha taratibu.

"Lini?"

"Miaka miwili iliyopita. Mwezi wa tano."

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyemfumba macho."

"Nilijua ni ndoto," alisema Bibi Nakijwa. Akakaa chini kwenye sakafu, si kwenye kiti, akajivua kitambaa cha kichwa. Kilio chake kilianza chini sana, na majirani wawili wakaja mbio wakidhani kuna msiba mpya. Namsifu alibaki amesimama pale na viatu vyake vya tope, akiona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

*

Mratibu Msechu alikuwa na ofisi nyuma ya zahanati, chumba chenye dirisha moja na mafaili mengi. Alikuwa mtu mpole, wa wale wanaokuomba radhi kabla ya kukukaripia.

"Ndeshi amekuja hapa," alisema. "Ameleta malalamiko. Namuelewa."

"Hata mimi namuelewa."

"Ungeniambia jana kwamba umeshindwa."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Msechu alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna," alikiri. "Ningekupa pole."

Alifungua kishikwambi chake akaviringisha orodha ya majina. Mbele ya majina sitini palikuwa na alama ya kijani. Kubadilisha mkono, kama walivyokuita kuachiana kazi, kulichukua siku arobaini: mwandishi wa zamani na mpya wanaandika siku ileile, punje inaonjeshwa mkono mgeni kidogo kidogo mpaka izoee. Kwa wengi ilizoea. Mmoja kati ya ishirini haikuzoea, naye aliganda. Aliyeganda alibaki kwenye siku ya mwisho ya mkono wa zamani, akaamka ndani yake kila asubuhi mpaka kufa. Kwa hiyo sheria ilitaka idhini ya kila mgonjwa, na ilitaka asubuhi mbili. Leo unakubali. Kesho mratibu anakuja, hakukumbushi kitu, anakuuliza tu jana ulisema nini. Ukilikumbuka jibu lako mwenyewe, idhini imekamilika.

"Yule binti wa kutoka Gonja atakayekupokea kazi yuko tayari," Msechu alisema. "Nimesoma maandishi yake ya majaribio. Ana moyo. Amebaki Nakijwa peke yake, na muda unaisha kesho saa sita mchana. Asipokubali, maombi yanafutwa na huruhusiwi kuomba tena kabla ya miaka mitatu."

"Miaka mitatu siwezi, Msechu. Nitawaua."

"Usiseme hivyo."

"Umewaona walivyo. Ile ni mimi. Wanatembea na mimi vichwani mwao."

Msechu alitazama dirishani. Nje, kwenye benchi la zahanati, wagonjwa wanne walikuwa wamekaa bila kuongea, na hakuna aliyekuwa anasubiri dawa.

"Mchana huu nenda kaongee naye," alisema. "Mwombe msamaha kwanza. Akisema ndiyo, andika kwamba amesema ndiyo. Kesho saa nne nitakuja kumuuliza."

"Kwa hiyo anachokumbuka kesho ni kile nitakachoandika mimi leo."

"Ndiyo."

"Na ninayeomba ni mimi."

Msechu alikuna kidevu. "Waliotunga sheria hawakuliona hilo," alisema. "Lakini sisi tunakuamini, Namsifu. Miaka kumi na moja hujawahi kuwaandikia uongo. Jana si uongo, jana ni uchovu."

Namsifu alitamani Msechu angemtukana tu.

*

Saa tisa alasiri mvua ilikuwa imekatika. Bibi Nakijwa alikuwa kwenye kiti sasa, amejifunga kaniki, macho yamevimba lakini makavu. Namsifu alipiga magoti mbele yake akaomba msamaha, na hakujitetea hata kidogo. Kisha akamshika mkono na kumwambia lililomleta.

"Kuacha kuandika," Bibi Nakijwa alirudia. "Na huyo anayekuja alimjua Senkondo?"

"Hapana, Bibi. Anatoka Gonja."

"Basi mume wangu atakufa mara ya tatu."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kisu juu ya ubao. Ndeshi alikuwa anakata mboga.

"Nimeambiwa kuna wanaoganda," Bibi Nakijwa aliendelea.

"Mmoja kati ya ishirini."

"Na wazee?"

"Wazee zaidi. Siwezi kukuficha."

"Mimi nina sabini na nane." Alitafuna midomo. "Hiyo siku yako ya mwisho, utaandika nini juu yangu?"

"Yatakayokuwa yametokea."

"Usiandike yatakayotokea. Niandikie ile ya jana. Redio, mvua, yeye pale barazani. Nikiganda, nigande pale. Ukinipa hiyo nakwambia ndiyo sasa hivi, na kesho nairudia mbele ya huyo bwana wenu."

Namsifu alihisi moyo wake unaruka kama wa mwizi aliyekuta mlango wazi. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Na mwenyewe ndiye aliyeomba.

"Utakuwa unamsubiri kila siku, Bibi."

"Leo nimemsubiri muda gani?"

"Kama saa mbili hivi."

"Nilikuwa vipi katika hizo saa mbili? Wewe ulinikuta. Nilikuwa vipi?"

Jibu Namsifu alikuwa nalo. Hajawahi kumwona na furaha kama ile tangu mazishi.

Kisu kilinyamaza. Ndeshi alitokea mlangoni. "Mama, usiombe kitu hicho. Wewe utasubiri na kusahau. Atakayekujibu kila asubuhi ni mimi. Nitakwambia Baba amekwenda dukani mpaka lini?"

"Mpaka nife. Ni mbali sana?"

Ndeshi alirudi jikoni.

"Siwezi kukuandikia uongo, Bibi," Namsifu alisema.

"Umeshaniandikia. Tena bila kukuomba. Leo nakuomba, unajifanya mtakatifu." Bibi Nakijwa aliuchomoa mkono wake kutoka mikononi mwa Namsifu na kuufuta kwenye kaniki. "Basi sikuruhusu. Kama wewe umechoka, mimi je? Hutoki. Andika hivyo hivyo, na jina langu uliweke: Nakijwa amekataa."

*

Saa kumi na robo alikaa mbele ya mashine. Alianza na nyumba ya kwanza barabarani, mstari au miwili kila nyumba, akamaliza ya sitini saa kumi na moja. Ilibaki moja.

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakusikia uzito vidoleni. Aliandika kwamba Mzee Senkondo alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa tano, asubuhi yenye jua. Aliandika jinsi mkewe alivyomfumba macho na kumrekebishia kola ya shati kwanza, kwa sababu hakutaka watu wamkute hovyo. Aliandika kwamba vijana wa kwaya walimbeba bila kupokezana kutoka nyumbani hadi makaburini, kilima chote kile, na kwamba mjane alirusha udongo kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshikwa na binti yake. Akaandika kwamba jana kulitokea kosa, kosa la mwandishi, na leo Bibi Nakijwa amelia upya mtu aliyekwisha kumlilia. Alilia na yeye alipokuwa anaandika. Yalikuwa maandishi mazuri kuliko yote aliyowahi kutoa, na alijua hivyo, na hilo likamuuma, maana mtu anayeandika hivi atasemaje hawezi tena?

Saa kumi na moja na dakika arobaini alifika kwenye mstari wa mwisho.

Aliandika: Namsifu aliomba kuacha kazi. Bibi Nakijwa amekataa.

Akayatazama maneno hayo. Akaifikiria miaka mitatu. Akawafikiria wale wanne kwenye benchi la zahanati, kwaya iliyokufa, magugu mashambani. Watu sitini walikuwa wanazama pamoja naye, na mmoja amekataa kamba kwa sababu ya redio. Sababu nzuri zilikuja nyingi, na zote zilikuwa za kweli. Lakini chini ya sababu zote kulikuwa na kitu kidogo tu na cha aibu: alitaka siku moja aamke asiulizwe kitu na mtu yeyote.

Alifuta neno la mwisho akaandika lingine. Bibi Nakijwa amekubali.

Hakuongeza kwa nini. Alijaribu kutunga sababu akashindwa, hata mwizi ana mahali pa kuishia. Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu alituma, akazima mashine, akaenda kunawa uso.

*

Msechu alifika saa nne kamili, kishikwambi kwapani. Bibi Nakijwa alikuwa ameketi kwenye mkeka, bado kwenye kaniki yake, na alikuwa na huzuni ile iliyotulia ya mtu aliyefiwa zamani. Mezani palikuwa na kikombe kimoja. Namsifu alikaa karibu na ukuta. Ndeshi alileta maji ya kunywa, akayaweka chini, akabaki amesimama.

"Bibi, nakuuliza neno moja tu," Msechu alisema. "Jana mwandishi wako alikuja na ombi. Ulimjibu nini?"

"Nilimkubalia."

"Unakumbuka mwenyewe, au umeambiwa?"

"Niambiwe na nani? Nakumbuka." Bibi Nakijwa alimgeukia Namsifu, na uso wake ukalainika. "Alipiga magoti hapa. Nikamtazama, nikaona mtoto wa watu amekonda, macho yameingia ndani. Nikasema moyoni, huyu ametubeba tangu ujana wake, na sisi hatujawahi kumuuliza kama mgongo unamuuma. Nikamshika mkono, hivi." Aliunyoosha mkono wake wenye mishipa, akauchukua wa Namsifu, akaufunika na wa pili. "Nikamwambia, nenda mwanangu. Nikiganda, nimeganda. Nimeishi vya kutosha."

Hilo Namsifu hakuliandika, hata neno moja. Kichwa cha Bibi Nakijwa kilikuta pengo, kikatafuta ndani yake sababu ya kusema ndiyo, na hicho ndicho kilichopatikana humo.

Msechu alibonyeza, alama ikawa ya kijani. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akamgeukia Ndeshi. "Shahidi wa familia. Ndivyo ilivyokuwa?"

Ndeshi alimtazama Namsifu. Alimtazama muda mrefu, na Namsifu akaona kila kitu kikipita pale: hasira, asubuhi ya jana na safari zile za getini, hesabu ya mwandishi mpya mwenye moyo na wa zamani anayefukua siku zilizooza. Hapakuwa na msamaha ndani yake.

"Nilikuwa jikoni," Ndeshi alisema. "Sikusikia vizuri."

"Na wewe, Namsifu?"

"Ndivyo," alisema Namsifu.

Alipewa kishikwambi aweke kidole, akaweka. Baada ya siku arobaini angekuwa huru. Alikuwa amengoja nafuu hiyo kwa miaka, na sasa ilipofika alijikuta analia mbele ya watu, mkono wake bado umefungwa katikati ya viganja viwili vya mwanamke mzee.

"Nyamaza," Bibi Nakijwa alimwambia, akimpapasa. "Nyamaza, mwanangu. Unalia nini, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuruhusu?"